Timu ya Kigoma ni ya Nani?

Mwezi wa Juni 2023 timu ya Mashujaa ya Kigoma iliitoa Mbeya City katika michezo ya mchujo na kuingia Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kwa wakazi wa Kigoma, Ujiji na mwambao mzima wa Ziwa Tanganyika ilikuwa siku ya furaha kubwa. Mwaka haukutimia, na mwezi wa Aprili 2024 timu hiyo hiyo, katika uwanja wa Lake Tanganyika, ikaitoa Simba ya Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti. Wengi waliodhani kwamba Mashujaa imekuja Ligi Kuu kutembea na kurudi ilikotoka walikosea hesabu. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, timu ilikuwa ingali imo.

Lakini kila furaha ya namna hii huzaa maswali. Timu inapokuwa madaraja ya chini, mashabiki huomba ipande tu. Ikisha kupanda, huanza kuuliza fedha za safari na mishahara zinatoka wapi, na wakubwa wanataka kuifikisha wapi. Mwisho huja lile swali gumu kuliko yote: timu hii, kwa hakika, ni ya nani?

Kwa upande wa sheria jibu ni jepesi. Mashujaa ni timu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jeshi ndilo linaloilea, na wapenzi wake huiita kwa fahari timu ya maafande. Lakini kijana wa Mwanga au mzee wa Ujiji anayefunga duka lake mapema siku ya mchezo haendi uwanjani kushangilia kikosi cha askari. Anakwenda kuishangilia Kigoma. Hapo ndipo penye jambo ambalo leo tungependa kulizungumza, kwa heshima zote na bila nia ya kumlaumu mtu.

Pengine msomaji wetu wa visiwani atauliza Kigoma yatuhusu nini, nayo iko mwisho wa reli, ng'ambo yake Kongo. Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya udugu wa kale. Njia iliyoanzia Unguja, ikavuka bahari hadi Bagamoyo na kupita Tabora, ilikuwa ikiishia Ujiji, na watu waliokwenda kwa njia hiyo wakahamia huko waliacha lugha, dini na mila ambazo mpaka leo mtu wa Unguja akifika Ujiji hajioni mgeni. Sababu ya pili ni ya leo. Sisi tunazijua timu za vikosi kuliko watu wengine wa nchi hii. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya ligi yetu, na ubingwa wa Zanzibar kwa miaka ya karibuni umekuwa ukirudi mara kwa mara katika makambi. Kwa hiyo swali la Kigoma ni swali letu pia, na huenda sisi tumechelewa zaidi kuliuliza.

Tuanze kwa haki. Timu ya jeshi ina sifa zake, na asiyeziona ana chuki. Mchezaji aliyeajiriwa ana uhakika wa mshahara, na siku atakapovunjika mguu hatatupwa njiani. Nidhamu ipo. Kocha hana haja ya kuwasikiliza watu kumi wanaodai kila mmoja kuwa ndiye mfadhili. Na mkoa ulio mbali kama Kigoma, ambako safari moja ya kwenda kucheza Dar es Salaam au Tanga ni gharama ya kuumiza kichwa, usingekuwa rahisi kubaki katika Ligi Kuu kwa kutegemea michango ya kofia. Anayesema jeshi lijitoe wananchi waichukue timu kesho asubuhi, huyo anaitakia timu kifo.

Tumekwisha kuona yaliyozipata timu za wananchi zilizopata fedha kabla ya kupata utaratibu. Stand United ya Shinyanga ilianzishwa na watu wa kituo cha mabasi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka uliofuata ikapata udhamini mnono wa kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia. Badala ya fedha kuijenga timu, zikaigawa. Wakatokea waliosema timu ni kampuni, na waliosema timu ni ya wanachama, na mzozo ukaifuata timu kila ilipokwenda. Mwaka 2019 ikashuka daraja. Wahenga walisema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama, na Shinyanga chombo kilikwenda mrama mchana kweupe, watu wakitazama.

Zipo pia timu za halmashauri. Mbeya City ilipanda mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu, nchi nzima ikashangaa. Miaka kumi baadaye ndiyo iliyoshushwa na Mashujaa, na ilirejea mwaka 2025. Geita Gold ilipanda mwaka 2021, ikashika nafasi ya nne na kwenda kucheza mashindano ya Afrika, kisha mwaka 2024 ikashuka. Halmashauri ni mlezi mwema, lakini mfuko wake una kazi nyingine. Unapofika wakati wa kuchagua kati ya dawa za zahanati na usajili wa mshambuliaji, hakuna diwani mwenye akili atakayechagua mshambuliaji, wala hatungependa amchague.

Na zipo timu za matajiri na makampuni, ambazo huenda popote mwenye mali anapotaka. Hapa twawaomba ndugu zetu wa Kigoma wasome kwa makini. Singida United ilipanda mwaka 2017, na mwaka 2020 ikashuka. Baada yake ikaja Singida Big Stars, ambayo iligeuzwa jina ikawa Singida Fountain Gate, kisha mwaka 2024 jina la Singida likaondolewa na timu ikahamia Manyara. Mwaka huo huo Ihefu, timu iliyozaliwa Mbarali mkoani Mbeya, ikageuzwa kuwa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali waliokuwa na timu ya Ligi Kuu hawakuwa nayo tena, na haikuwa kwa kufungwa uwanjani. Kitayosce, iliyopanda mwaka mmoja na Mashujaa, asili yake ni Kilimanjaro. Ikawa Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Katika hayo yote hatusemi kwamba sheria ilivunjwa. Tunasema kwamba shabiki hakuwa na pa kusimama na kusema neno, kwa sababu jina lake halikuwamo katika karatasi yoyote.

Kigoma yenyewe inayo kumbukumbu yake. Wazee wanaikumbuka RTC Kigoma, timu ya Kampuni ya Biashara ya Mkoa, iliyokuwa ikiupeleka mkoa huo katika ligi kubwa ya nchi miaka ya 1980. Zama zile kila mkoa ulikuwa na RTC yake, na sukari, sabuni na vitenge vilipita mikononi mwake. Nani angefikiri kwamba shirika lenye maghala na malori lingeweza kutoweka? Biashara ilipofunguliwa milango, makampuni yale ya mikoa yakaondoka, na timu zao haziko tena. Washabiki walikuwapo, vijana wenye vipaji walikuwapo, ziwa lilikuwapo mahali pake. Kilichokosekana ni mtu mwenye haki ya kuirithi timu.

Huko ndiko hoja yetu ilikolala. Kila timu ina wenyewe wawili, yaani mwenye fedha na mwenye mapenzi. Mwenye fedha ameandikwa, na mwenye mapenzi hajaandikwa. Siku mwenye fedha anapochoka, anapohamishwa, anapobadilishiwa kazi au anapokufa, mwenye mapenzi hubaki na jezi ya zamani tu. Hatutaki mwenye fedha aondolewe. Tunataka mwenye mapenzi naye aandikwe.

Jambo hili si geni kwa watu wa ziwani. Katika mialo ya Kibirizi na Katonga, mtu mmoja huwa na chombo na mashine, na wengine wana nguvu zao na ujuzi wa kusoma maji usiku wa giza. Chombo kinaporudi na dagaa, gharama hutolewa kwanza, kisha kila mmoja hupata fungu lake kwa desturi inayojulikana na wote. Mwenye chombo hawi maskini kwa kuwapa wavuvi fungu lao, na wavuvi hawadai kwamba chombo ni chao. Lakini mwenye chombo anayeficha hesabu hukosa watu wa kwenda nao ziwani usiku unaofuata. Ikiwa desturi hiyo yaweza kuongoza dagaa, kwa nini isiongoze mpira?

Serikali ilikwisha kuliona jambo hili kwa upande mmoja. Simba ilipotaka kumkaribisha mwekezaji mwaka 2017, kanuni zilielekeza kwamba wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51, na mwekezaji asizidi asilimia 49. Mohamed Dewji akaahidi shilingi bilioni 20 kwa sehemu hiyo. Ujerumani nako, tangu mwaka 1998, kanuni ya ligi yao inataka wingi wa kura ubaki kwa wanachama wa klabu, ila wameziruhusu timu chache zilizolelewa na viwanda kwa muda mrefu, kama ile ya Leverkusen iliyo chini ya kampuni ya Bayer, ambayo mwaka 2024 ilitwaa ubingwa. Timu hiyo ni ya kampuni, lakini hakuna anayeota kuichukua kutoka Leverkusen. Uingereza, ambako hapakuwa na kanuni ya namna hiyo, Wimbledon ilihamishwa mwaka 2003 na kupelekwa mji wa Milton Keynes, na mashabiki wake wakalazimika kuunda timu mpya kutoka chini kabisa.

Kanuni yetu ya asilimia 51 ilitungwa kwa ajili ya vilabu vya wanachama, navyo ni Simba, Yanga na wenzao. Shabiki wa timu ya jeshi, ya gereza, ya halmashauri, ya kiwanda au ya kikosi cha visiwani si mwanachama wa kitu chochote. Kanuni haimwoni. Na ukihesabu timu za Ligi Kuu ya Bara, ukaongeza na zile za Zanzibar, utagundua kwamba watu wa namna yake si wachache.

Basi tunapendekeza mambo manne, na tunayaelekeza kwa wakubwa wa jeshi, kwa mkoa na Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa Baraza la Michezo la Taifa na kwa TFF.

La kwanza ni hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwisho wa msimu timu itangaze hadharani mapato ya viingilio, fungu lake la fedha za televisheni na udhamini, na matumizi yake makubwa. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 kwa ajili ya kuonyesha ligi hii. Fedha hizo hulipwa kwa sababu watu wanataka kutazama, na wenye kutazama wana haki ya kujua zimekwenda wapi. Tunafahamu kwamba jeshi lina siri zake, na ni wajibu wa kila raia kuziheshimu. Lakini idadi ya tiketi zilizouzwa siku ya mchezo na Yanga haikupata kuwa siri ya ulinzi wa taifa.

La pili ni sauti. Katika uongozi wa timu pawe na viti viwili au vitatu vya wapenzi walioandikishwa, wanaolipa ada ndogo na kuchaguana wenyewe kwa kura. Viti hivyo visimpangie kocha kikosi, wala visiingilie nidhamu ya askari. Kazi yao iwe kusikiliza hesabu, kuuliza maswali na kupeleka majibu katika mabaraza ya Gungu, Bangwe na Ujiji, ambako kwa kukosa majibu watu hujitungia yao.

La tatu ni makazi. Iandikwe, na isajiliwe kwa Baraza la Michezo, kwamba timu haitahamishwa Kigoma wala kupoteza jina la Kigoma bila ridhaa ya wapenzi hao walioandikishwa. Na kwamba ikitokea mwenyewe wa sasa hawezi tena kuilea, basi mkoa na wapenzi wake wawe wa kwanza kupewa nafasi ya kuichukua pamoja na daraja lake. Hati hiyo ni karatasi moja tu. Laiti RTC Kigoma na Ihefu zingekuwa nayo, leo tungezungumza mengine.

La nne ni watoto. Mkoa wa Kigoma haujapata kuwa na njaa ya vipaji. Lakini kijana wa Kasulu, Kibondo au Kalya mpaka leo anajua kwamba ili aonekane lazima apande treni aende Dar es Salaam. Timu iliyo nyumbani ingefaa iwe ndiyo mlango wa kwanza anaobisha. Fungu linalojulikana la mapato ya kila msimu litengwe kwa ajili ya timu za vijana na mashindano ya shule za wilaya zote za mkoa. Jambo hili ni la subira, na subira watu wa ziwani wanaijua. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaane. Ilikuwa miezi 3 migumu kwa kila aliyekula kwa wavu. Watu waliokubali kulipumzisha ziwa lao ili kesho livuliwe hawatashindwa kuelewa kwamba mchezaji naye hupandwa kabla ya kuvunwa.

Kuhusu tamaa za baadaye, tungependa kusema neno la tahadhari. Wapo mashabiki ambao kila timu ndogo inapomfunga mkubwa mmoja huanza kudai ubingwa, na wakati mwingine viongozi hushawishika wakatumia fedha za miaka mitatu katika msimu mmoja. Simba na Yanga zina mtaji wa watu uliojengwa kwa karibu karne nzima. Kuzikimbiza kwa mikopo ni kujitafutia anguko. Mfano bora kwa Kigoma ni Namungo ya Ruangwa, timu ya wilaya ya mkoa wa Lindi, ambayo baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho ilikwenda kucheza Afrika na kuingia hatua ya makundi msimu wa 2020/21. Njia ya Kombe la Shirikisho iko wazi kwa timu yenye uwanja mgumu na watu wenye sauti, na usiku ule wa Aprili 2024 Kigoma ilionyesha kwamba vyote viwili inavyo. Uwanja wa Lake Tanganyika wenyewe si mgeni wa mambo makubwa, kwani fainali ya kombe hilo ya mwaka 2021, Simba ilipoifunga Yanga bao 1 kwa 0, ilichezwa hapo hapo.

Tunarudi sasa nyumbani visiwani. Timu zetu za vikosi zimelea wachezaji wengi na kuwapa ajira, na katika hilo zinastahili shukrani. KMKM ilipotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1984 tulijivuna sote. Lakini tujiulize kwa nini majukwaa yetu ni matupu siku za ligi, na yanajaa siku za Kombe la Mapinduzi. Mlandege, timu ya mtaa, ilipotwaa kombe hilo mwaka 2023 na tena 2024 kwa kuifunga Simba, mji haukulala. Mtu hushangilia kile anachokiona kuwa chake. Timu za vikosi zikiwafungulia wakazi wa mitaa na vijiji zinakokaa mlango wa kuandikishwa na kusikilizwa, majukwaa yatajaa bila tangazo la redio. Twaliomba Baraza la Michezo la Zanzibar na ZFF wasingoje Kigoma ianze.

Wakubwa wa jeshi wameifanyia Kigoma jambo jema, na watu wa Kigoma wamelilipa kwa sauti zao kila siku ya mchezo. Kilichobaki ni kuliandika. Maafisa huhamishwa na viongozi hustaafu, kama ilivyo desturi ya utumishi. Mzee wa Ujiji hahamishwi. Atakuwapo pale pale jukwaani msimu ujao na ule utakaofuata, Mungu akimpa uhai, na baada yake mwanawe. Huyo ndiye tunayeomba apewe karatasi yake, leo timu ikiwa ingali juu na wote wakiwa na furaha. Siku ya kushuka, hakuna atakayekuwa na moyo wa kuketi na kuandika.